Kumchagulia Msomaji Mpya Kitabu cha Katuni: Mhadhara kwa Wapenda Vitabu wa Busia na Malaba

Hadithi ya katuni ni masimulizi yanayokwenda kwa michoro iliyopangwa kwa zamu. Kila mchoro hukaa ndani ya kisanduku chake, maneno ya wahusika huwekwa katika viputo, na maelezo machache ya msimulizi huachwa juu au chini. Inaweza kuwa ya visanduku vitatu gazetini, ya kurasa nane ndani ya jarida, au kitabu kizima cha kurasa mia mbili ambacho siku hizi huitwa riwaya ya picha. Kwa urefu wowote ule kazi ni moja. Mchoraji huonyesha kitendo, huruka muda fulani, kisha huonyesha kitendo kingine, na kilichotokea katikati humwachia msomaji akiunganishe mwenyewe.

Kuunganisha huko ndiko kunakosahauliwa na wengi wanaopendekeza vitabu. Mtu aliyekua na katuni hajui hata kwamba anafanya kazi. Asiyezizoea huihisi kazi hiyo tangu ukurasa wa kwanza. Chukua ukurasa wa visanduku vitatu unaotokea Malaba. Katika cha kwanza trela limesimama kwenye foleni, dereva amelaza kichwa juu ya usukani, jua liko utosini. Katika cha pili trela ni lile lile, jua limeshuka nyuma ya malori ya mafuta, na mama wa chakula anampa dereva sahani kupitia dirishani. Cha tatu kina mkono tu, unaogonga muhuri kwenye karatasi. Hakuna neno lililoandikwa. Msomaji mzoefu anajua kwamba mchana mzima umepita, dereva ameshinda njaa hadi jioni, na hatimaye karatasi zake zimekubaliwa. Msomaji mpya anaweza kudhani hao ni madereva wawili, na asijue mkono ule ni wa nani wala kwa nini umechorwa peke yake.

Hilo halina uhusiano na akili ya mtu. Zipo kanuni ambazo hakuna aliyemwonyesha: kwamba shati lenye mistari likionekana tena ni mtu yule yule, kwamba visanduku husomwa kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, kwamba kiputo kilicho juu zaidi ndicho kilichosemwa kwanza, kwamba kiputo chenye kingo za mawingu ni wazo lililo kichwani, na chenye ncha kali ni ukelele. Mmarekani Scott McCloud alitoa mwaka 1993 kitabu kizima juu ya mambo haya, nacho kimechorwa kama katuni mwanzo hadi mwisho, na sehemu yake iliyo bora zaidi inahusu ile nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku na kisanduku. Kwa mtu mzima wa Busia anayeshika katuni kwa mara ya kwanza, hata hivyo, kukaa naye dakika chache na kupitia ukurasa mmoja kwa kidole kunatosha. Kinachobaki ni kumpa kitabu kisichompa mizigo mingine juu ya huo.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika, nalo ni kuanza na kitabu kinachosifiwa kuliko vyote duniani. Mfano wa kawaida ni Maus cha Art Spiegelman, kilichotoka katika majuzuu mawili, 1986 na 1991, na kutunukiwa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Spiegelman anasimulia jinsi baba yake alivyonusurika kambi za mauaji za Wanazi, akiwachora Wayahudi kama panya na Wajerumani kama paka. Ni kitabu kikuu, na kila mpenda katuni angefaa kukifikia. Lakini kinamtaka msomaji awe na historia ya Ulaya kichwani, asome Kiingereza bila kukwama, na wakati huo huo azoee wanyama wanaovaa makoti na kuvuta sigara bila kudhani kwamba anasomewa ngano za sungura na fisi. Akipewa kazi zote tatu kwa pamoja, mtu huyo atakirudisha kitabu kwa adabu na kusema katuni si zake. Wa kulaumiwa hapo ni aliyempa.

Kanuni inayofaa zaidi ni kumpa msomaji mpya hadithi anayoijua tayari, katika lugha anayoizungumza kila siku. Akiijua hadithi, hana wasiwasi wa kupotea. Akili yake yote inabaki kwa kitu kimoja kipya, yaani namna ya kusoma picha. Kanuni hii inahitaji kuelezwa kwa kina kwa sababu mpakani wasomaji hawafanani.

Busia na Malaba ni miji miwili ya kaunti moja ambayo kila mmoja una mwenzake upande wa Uganda. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na Wasamia vile vile. Wakhayo na Wamarachi wana mizizi yao upande wa Kenya na jamaa na biashara ng'ambo. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze kazi, kile cha Busia kikifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mbili, lakini malori hayajaacha kupanga foleni. Ndani ya malori hayo kuna watu waliotoka Mombasa wakielekea Kampala, Kigali, Juba au Goma. Mteso wa Malaba, Msomali mwenye trela, kijana wa boda boda na mama anayebadilisha shilingi za Kenya kwa za Uganda huelewana kwa Kiswahili. Kwa hiyo ni sawa kitabu cha katuni cha kwanza kiwe cha Kiswahili, na cha Kiingereza kifuate baadaye kwa anayekitaka.

Akiba ya kuchagulia ipo, na ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza kuonekana katika magazeti ya Kiswahili ya Nairobi miaka ya 1950 na akaendelea katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Ni mtu mmoja, shida moja, visanduku vichache, na kicheko mwishoni. Kwa anayeanza kabisa, hasa mtu mzima aliyejifunza kusoma katika madarasa ya ngumbaru, hakuna mahali pepesi zaidi pa kuanzia. Kichekesho cha gazetini huisha kabla macho hayajachoka, na kesho yake mhusika anarudi na sura ile ile, hivi kwamba msomaji hujifunza kumtambua bila kufundishwa.

Tanzania nayo ina akiba yake. Gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, mhusika aliyejulikana hata na watu wasionunua magazeti. Baadaye likaja jarida la Sani, kazi ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, pamoja na wahusika kama Ndumilakuwili, Madenge na Lodi Lofa. Na katika miaka ya 1990 James Gayo akamleta Kingo. Sani ni la watu wazima. Mapenzi, tamaa ya fedha, ujanja wa mjini na fedheha ya anayejifanya tajiri ndiyo mambo yake, na Kiswahili chake ni kile cha mtaani Dar es Salaam. Dereva wa Kitanzania anayesubiri karatasi zake Malaba atalisoma bila kusukumwa. Mkenya atakwama kwenye misemo kadhaa, lakini picha itamvusha. Huo ndio msaada wa katuni kwa anayejifunza lugha au lahaja nyingine: maneno huja mafupi, yakiwa kinywani mwa mtu ambaye uso wake unaonyesha kama amekasirika au anatania.

Kwa sababu hiyo mwalimu wa Kiswahili upande wa Uganda angefaidika nazo hata zaidi. Baraza la mawaziri la nchi hiyo liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifanywe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za upili. Kwa miaka mingi Kiswahili huko kilihusishwa na jeshi na polisi, na kwa wengi kilikuwa lugha ya kuamrishwa. Hadithi ya katuni hukifikisha kwa njia nyingine, kikiwa cha watu wanaogombana, wanaopendana na wanaopatana bei. Mwanafunzi wa Busia ya Uganda anaposoma mabishano ya visanduku sita kati ya muuza samaki na mteja wake, anapata Kiswahili ambacho jioni hiyo hiyo atakisikia akivuka mpaka.

Uganda nayo imechangia zaidi ya kupokea. James Tumusiime alimbuni mhusika Bogi Benda alipokuwa akiishi Kenya katika miaka ya misukosuko ya nchi yake, na watu wa Nairobi wakamzoea gazetini. Baadaye alirudi nyumbani na kuanzisha Fountain Publishers mwaka 1988. Msomaji wa Malaba anayetaka kujua kama katuni inaweza kuvuka mpaka bila kupoteza wasomaji ana mfano huo karibu.

Kutoka gazetini, hatua ya pili ni kitabu chembamba chenye hadithi moja kamili. Hapa wa kutajwa mbele ni Sasa Sema, kampuni ya uchapishaji iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1996 kwa lengo la kutoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili, ambayo baadaye ilichukuliwa na Longhorn. Miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo kulikuwa na Abunuwasi cha Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa vibonzo vya kisiasa alivyokuwa akichora katika Daily Nation. Hakuna kitabu bora kuliko hiki cha kumpa mtu mzima wa Afrika Mashariki anayeanza. Visa vya Abunuwasi vinajulikana mno. Kuna aliyevisikia kwa nyanya yake, na kuna aliyevisoma darasani. Raha inakuwa kuona namna Gado anavyomvisha mjanja huyo uso, na namna tajiri anavyofura mashavu anapogundua kwamba ameingizwa mjini. Anayesoma vibonzo vya siasa tayari anaujua mkono wa mchoraji. Anafuata mkono huo huo kwenye hadithi ndefu.

Katika orodha ya Sasa Sema kulikuwa pia na Mkasa wa Shujaa Liyongo na Macho ya Mji cha Ruth Wairimu Karani. Liyongo anawafaa hasa vijana waliokutana naye shuleni katika ushairi na wakaona ugumu wa lugha ya kale. Jitu lile lenye upinde, mama anayepenyeza tupa ndani ya mkate ili mwanawe akate minyororo, sindano ya shaba kitovuni: vitu hivyo vinaomba kuchorwa, na kijana akishaviona hurudi kwenye utenzi akiwa na mahali pa kushikilia.

Kabla ya Sasa Sema kulikuwa na Pichadithi, mfululizo wa ngano na visa vya mashujaa uliotolewa na Kul Graphics ya Nairobi miaka ya 1980, Terry Hirst akiwa na mkono mkubwa ndani yake. Hirst ndiye aliyeanzisha pamoja na Hilary Ng'weno jarida la vichekesho la Joe mwaka 1973, lililodumu hadi 1979. Katika Pichadithi kitabu cha kumtafutia msomaji wa Busia ni Lwanda Magere. Kisa cha shujaa huyo wa Waluo kinajulikana sana katika nchi iliyo kando ya ziwa, na Wasamia wamekaa jirani na wanaokisimulia kwa vizazi vingi. Mkuki haukuweza kuupenya mwili wake. Siri ya nguvu zake ilikuwa kivulini, na mke aliyeletwa kutoka kwa maadui ndiye aliyeigundua. Msimulizi wa mdomo hulazimika kuificha siri hiyo hadi wakati wake ufike. Mchoraji anayo nafasi ambayo msimulizi hana, kwa sababu kivuli kinaweza kuwapo chini ya miguu ya shujaa tangu ukurasa wa kwanza, mbele ya macho ya kila mtu, na asikitaje hata mara moja. Msomaji anayeijua siri atakitazama kivuli katika kila kisanduku. Akifanya hivyo ameshajua kusoma katuni.

Vijana wa steji ya boda boda ni kundi jingine, na kwao mlango uliokwisha funguliwa ni Shujaaz. Jarida hilo lilianza Februari 2010 chini ya Well Told Story ya Nairobi, likagawiwa bure ndani ya gazeti la Nation na kupitia vibanda vya mawakala wa M-Pesa, jambo lililolifikisha hata miji ambayo haijui duka la vitabu. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule bila kazi, ambaye hurusha redio ya siri kutoka chumbani mwake kwa jina la DJ B. Lilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na tena 2014, na lilipata toleo lake la Tanzania. Lugha yake ni Sheng. Kijana wa Busia wa miaka kumi na tisa ataimeza. Mama yake pengine hataelewa nusu, na kijana wa ng'ambo ataelewa kiasi tu. Kwa hiyo jarida hili lipewe anayelistahili, na lisichukuliwe kuwa dawa ya kila mtu kwa sababu tu ni la bure na lina tuzo.

Shujaaz linafundisha pia tofauti moja kubwa. Katika miji ya barabara kuu watu wameona katuni nyingi za mafunzo: za Ukimwi, za kunawa mikono, za uzazi wa mpango. Michoro hiyo imeokoa watu na inaheshimika, lakini imewaachia wengi dhana kwamba mtu akikuletea katuni amekuja kukuonya. Msomaji mpya hunusa mahubiri upesi. Shujaaz lina mawaidha mengi, ya kilimo, ya biashara ndogo, ya afya. Linasomeka kwa sababu Boyie na wenzake wana matatizo yao kwanza, na ushauri unakuja ukiwa sehemu ya namna wanavyojinasua. Anayechagua kitabu cha kwanza ajiulize kama hadithi ingesimama mafunzo yakiondolewa. Isiposimama, aiweke kando.

Wapo vijana wa aina nyingine, waliotazama filamu za katuni za Kijapani kwenye simu hadi wakajua majina ya wahusika wote. Kanuni ya kutoa hadithi inayojulikana inawahusu hao pia: wapewe vitabu vya picha vya hadithi hizo hizo, iwe Naruto au One Piece. Waambiwe mapema tu kwamba vitabu vya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kitabu hufunguliwa upande ambao sisi tunauita nyuma. Wengi wameviacha kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Baada ya hatua hizi ndipo vitabu vya nje vinapofaa. Cha kutangulia kiwe Aya, kilichoandikwa na Marguerite Abouet wa Côte d'Ivoire na kuchorwa na Clément Oubrerie, kikaanza kutoka kwa Kifaransa mwaka 2005 na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Kinatokea Yopougon, mtaa wa Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970: wasichana watatu, baba wenye siri, majirani wasiojua kunyamaza, harusi zinazofungwa kwa aibu. Msomaji wa Busia hahitaji kuelezwa lolote kuhusu mtaa kama huo. Persepolis cha Marjane Satrapi, juu ya utoto wake Iran wakati wa mapinduzi na vita, kinafuata vizuri, kwa kuwa michoro yake ya nyeusi na nyeupe ni safi na macho hayapotei. Deogratias cha Jean-Philippe Stassen, kilichotoka mwaka 2000, kinahusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Madereva wa Malaba hufika Kigali kila juma, na huenda wakakitaka. Kitolewe kwa uangalifu, kwa mtu mzima tu, na mtoaji awe amekisoma mwenyewe kwanza. Ni kitabu kinachomwingiza msomaji ndani ya akili iliyovunjika, wala hakimwonyeshi pa kutokea. Maus kinaweza kuja baada ya hicho.

Namna ya kutoa nayo ina uzito. Kitabu kiwe kimoja, si rundo. Ukurasa wa kwanza usomwe pamoja, kisha mtu aachwe. Asiulizwe amejifunza nini, maana swali hilo linamrudisha darasani. Aulizwe ni mhusika gani amempenda, au ni mchoro gani alioutazama mara mbili. Jibu lake ndilo linalochagua kitabu cha pili. Aliyecheka apelekwe kwa Kingo au kwa matoleo ya zamani ya Joe. Aliyevutiwa na mashujaa apewe Liyongo. Aliyekaa kimya akitazama michoro atafutiwe kazi za Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kuchora Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012. Katika Akokhan alijenga ulimwengu wa nguvu za ajabu za Kiafrika kwa ustadi ambao bado haujapata mrithi wa wazi. Na aliyekirudisha kitabu bila kukimaliza asibembelezwe. Apewe cha aina nyingine baada ya muda.

Tatizo gumu zaidi ni upatikanaji. Majarida ya zamani yamechanika au yamefungiwa maandazi, na nakala za Pichadithi na za Sasa Sema hupatikana kwa bahati, mara nyingi kwa wauza vitabu vya mitumba ambao hawajui thamani yake na huzirundika pamoja na vitabu vya watoto. Anayetaka kuwasaidia wengine huko mpakani inampasa awe mtafutaji na mtunzaji. Vitabu vyembamba vivishwe jalada la karatasi ngumu kabla ya kuazimwa, kwa sababu mkono wa tano ndio huvipasua. Vichekesho vya magazetini vinaweza kukatwa na kubandikwa kwenye daftari la kawaida la kurasa 96, vinne kwa ukurasa, kwa mfuatano wa kutoka kwake. Chini ya kila kimoja iandikwe tarehe na jina la gazeti. Daftari moja likijaa linaweza kuazimwa kama kitabu kingine chochote: kinyozi anaweza kuliweka kwenye benchi la wanaosubiri zamu, na mama wa chakula kwenye meza ya madereva.